Tasa Izaayo: Nambari Kubwa Isiyogawanyika katika Mizani ya Kiswahili

Utangulizi

Katika kumbi za mihadhara, na hata katika vikao vya wapenzi wa lugha, kuna hoja ambayo hurejea mara kwa mara: kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya siasa na ya mahubiri, ilhali hisabati ina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Hoja hii haijibiwi kwa hamaki wala kwa kaulimbiu. Hujibiwa kwa kukitwika Kiswahili mzigo wa kihisabati ulio mzito, kisha kutazama kama kitaubeba.

Mzigo uliochaguliwa katika makala haya ni nambari moja. Ukichukua 2 ukaizidisha kwa yenyewe hadi zitumike 2 zipatazo 136,279,841, kisha ukatoa 1, utapata nambari yenye tarakimu 41,024,320. Wanahisabati huiandika kwa ufupi hivi: 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Ilitangazwa tarehe 21 Oktoba 2024, na wakati huo hapakuwa na nambari tasa yoyote iliyojulikana ambayo ilikuwa kubwa kuiliko.

Makala yana madhumuni mawili. Kwanza, kueleza nambari tasa ni nini, jinsi zinavyotafutwa na kuthibitishwa, na sifa za nambari hiyo kubwa. Pili, kulipima neno lenyewe "tasa", kwa kuwa mwanafunzi wa lugha hana budi kuuliza kama istilahi inasema kweli kuhusu kitu inachokitaja. Huko Tanzania, ambako hisabati ya shule za msingi za umma imefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, "namba tasa" ni istilahi ya kawaida darasani. Hapa Kenya, somo la Kiswahili limewafunza watoto tarakimu na akisami, yaani thuluthi, robo, humusi, sudusi na nyinginezo, lakini hesabu zenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili bila kukutana na istilahi hii hata mara moja. Katika makala haya tutatumia "nambari", kama ilivyo mazoea yetu, na maana ni ile ile.

Magunia kumi na matatu

Uasin Gishu ni ghala la mahindi, basi mfano wetu na utoke ghalani. Mkulima wa Kesses ana magunia 12 na anataka kuyapanga katika safu zilizo sawa. Ana hiari nyingi: safu mbili za magunia sita sita, safu tatu za manne manne, safu nne za matatu matatu, au safu sita za mawili mawili. Sasa mwongeze gunia moja tu, yawe 13. Akijaribu safu mbili, gunia moja linabaki. Akijaribu tatu, linabaki moja. Akijaribu nne, linabaki moja. Kwa safu tano yanabaki matatu, na kwa sita linabaki moja. Magunia 13 hayakubali mpango wowote ila kuwekwa yote katika safu moja, au kila gunia kusimama peke yake.

Hiyo ndiyo maana ya nambari tasa. Ni nambari nzima, kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Zinazotangulia ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Kati ya zote, 2 ndiyo pekee iliyo shufwa. Nyingine zote ni witiri, kwa sababu kila shufwa kubwa kuliko 2 hugawanyika kwa 2.

Msomaji anaweza kuuliza mbona 1 haimo. Jibu linatokana na kanuni iliyo msingi wa elimu hii: kila nambari nzima kubwa kuliko 1, ama yenyewe ni tasa, ama hupatikana kwa kuzidisha nambari tasa, tena kwa njia moja tu. Nambari 12 ni 2 × 2 × 3, na hakuna mkusanyiko mwingine wa tasa unaoweza kuileta. Mwaka 1984, ambao ndio Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa, ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 31. Lau 1 ingehesabiwa kuwa tasa, njia zingekuwa hazina idadi, maana mtu angeweza kuongeza "mara 1, mara 1" apendavyo, na kanuni ingevunjika. Nambari 31 tuliyoipata hapa tuiweke akilini, kwani tutakutana nayo tena.

Kutoka Ishango hadi Iskandaria

Elimu hii mara nyingi huletwa kwetu kana kwamba ilizaliwa mbali na bara hili. Historia yasema vingine. Mwaka 1950, Jean de Heinzelin, mwanajiolojia kutoka Ubelgiji, alichimbua mfupa wenye alama za kuchanjwa huko Ishango, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward. Mfupa huo hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, na umehifadhiwa katika makavazi mjini Brussels. Alama zake zimepangwa katika safu tatu. Katika mojawapo, mafungu ya chanjo yana idadi ya 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo nambari tasa zote zilizo kati ya 10 na 20.

Je, mchanjaji wa Ishango alizijua nambari tasa? Hapa yafaa kuwa waangalifu. Mtu hawezi kuwa na dhana ya nambari isiyogawanyika bila kwanza kuwa na dhana ya kugawanya, na mfupa hauthibitishi jambo hilo. Wapo wataalamu wanaouona kuwa kalenda ya mwezi, na wapo wanaouona kuwa chombo cha kuhesabia tu. Kilicho wazi ni kwamba alama hizo zimepangwa kwa mafungu, na mafungu hayo yanahesabika.

Uthibitisho kamili unapatikana Misri, katika mji wa Iskandaria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Huko Euclid aliandika hoja ambayo haijapitwa na wakati, kwamba nambari tasa hazina mwisho. Hoja yenyewe ni fupi. Tuseme mtu anadai kwamba nambari tasa zote ni 2, 3, 5 na 7, basi. Zizidishe zote pamoja upate 210, kisha ongeza 1 upate 211. Nambari hii ukiigawanya kwa 2, 3, 5 au 7, baki ni 1 kila mara. Kwa hiyo ama 211 yenyewe ni tasa, ama ina kigawo tasa ambacho hakimo katika orodha. Kwa vyovyote vile, orodha ilikuwa pungufu. Ukichukua tasa zote hadi 13, ukazizidisha na kuongeza 1, utapata 30,031. Hii si tasa, kwani ni 59 × 509, lakini 59 na 509 zenyewe ni tasa mpya ambazo hazikuwemo. Hoja hii huivunja orodha yoyote yenye mwisho, hata iwe ndefu namna gani.

Katika mji huo huo, mwanachuoni Eratosthenes, aliyezaliwa Kurene katika nchi ambayo leo ni Libya, alitoa njia ya kuzipata tasa ambayo kila mpishi ataielewa, maana ni ya kuchekecha. Andika nambari kutoka 2 hadi 100. Ibakize 2, kisha ufute kila nambari inayogawanyika kwa 2. Ibakize 3, ufute zinazogawanyika kwa 3. Fanya hivyo kwa 5 na kwa 7. Huna haja ya kuendelea, kwa kuwa 10 × 10 ni 100, na nambari isiyozidi 100 yenye vigawo vingine lazima iwe na kimoja kisichozidi 10. Zitakazobaki katika chekeche ni 25, nazo zote ni tasa.

Mkufu wa shanga

Chekeche hufaa kwa nambari ndogo. Kwa nambari kubwa mno, watafutaji walihitaji mahali mahususi pa kutazama, na mahali hapo palipewa jina la mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Nambari za Mersenne hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa na kutoa 1. Mifano ni 3, 7, 15, 31, 63 na 127.

Uzuri wa nambari hizi huonekana zikiandikwa kwa namna ya tarakilishi, ambayo hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa namna hiyo 31 huandikwa 11111, yaani moja tano zilizofuatana, mithili ya mkufu wa shanga tano zinazofanana. Nayo 63 huandikwa 111111, shanga sita. Sasa shanga sita zinaweza kukatwa vipande viwili vya shanga tatu tatu, yaani 111 na 111. Kipande cha 111 ni nambari 7, na kweli 7 inaigawanya 63 bila baki. Kwa hiyo, iwapo idadi ya shanga inagawanyika katika mafungu yaliyo sawa, nambari yenyewe pia hugawanyika. Ni jambo lile lile la magunia ya mkulima, ila limepanda daraja.

Kutokana na hayo, mkufu hauwezi kuwa tasa ila idadi ya shanga zake iwe tasa. Lakini kinyume chake si lazima kiwe kweli. Shanga 11 hutoa 2,047, nayo ni 23 × 89. Mersenne mwenyewe alijikwaa hapa. Alidai kwamba shanga 67 hutoa nambari tasa. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba dai hilo si kweli, ingawa vigawo vyenyewe havikujulikana. Vilikuja kujulikana mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipovitoa mbele ya wanahisabati wenzake: 193,707,721 × 761,838,257,287 ni sawa na 147,573,952,589,676,412,927. Inasimuliwa kwamba alizifanya hesabu hizo ubaoni bila kutamka neno, akaketi, na ukumbi ukampigia makofi.

Mkufu wa shanga 31 una habari yake pia. Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba nambari hiyo, 2,147,483,647, ni tasa. Leo ndiyo nambari kubwa kuliko zote ambayo mifumo mingi ya zamani ya tarakilishi iliweza kuihifadhi katika hesabu ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, sekunde hizo zitatimia tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Mitambo ambayo haitakuwa imerekebishwa itashindwa kuhesabu inayofuata.

Kupima bila kugawanya

Mkufu wa shanga 127 hutoa nambari yenye tarakimu 39. Kama mtu angetaka kuithibitisha kwa kujaribu vigawo vyote kimoja baada ya kingine hadi kufikia kipeuo chake cha pili, na kama angekuwa na mashine ya kujaribu vigawo bilioni moja kila sekunde, angehitaji zaidi ya miaka 400. Lucas alithibitisha mwaka 1876, bila mashine, kwamba nambari hiyo ni tasa. Rekodi yake ilidumu miaka 75, hadi 1951.

Siri yake ni kwamba hakugawanya kwa kila kigawo. Alitumia jaribio ambalo Mmarekani Derrick Henry Lehmer alilirahisisha katika miaka ya 1930, na ambalo linaelezeka kwa Kiswahili chepesi. Anza na 4. Zidisha nambari uliyo nayo kwa yenyewe, kisha toa 2. Ikiwa jibu limezidi nambari unayoipima, ligawanye kwa nambari hiyo na ushike baki pekee. Rudia. Idadi ya marudio ni idadi ya shanga kutoa 2. Baki la mwisho likiwa 0, nambari ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa.

Tuijaribu 31, yenye shanga tano. Marudio ni matatu. Tunaanza na 4. Mara ya kwanza, 4 × 4 ni 16, toa 2 tupate 14. Mara ya pili, 14 × 14 ni 196, toa 2 tupate 194. Tukigawanya kwa 31, baki ni 8. Mara ya tatu, 8 × 8 ni 64, toa 2 tupate 62. Tukigawanya kwa 31, baki ni 0. Hivyo 31 ni tasa. Msomaji mwenye subira na aijaribu 2,047 kwa marudio tisa. Mwisho atapata 1,736, si 0, na kwa hiyo atajua kwamba nambari hiyo inagawanyika hata kabla ya kuviona vigawo vyake, 23 na 89. Ndivyo Lucas alivyoweza kulikanusha dai la shanga 67 bila kujua vigawo.

Nambari yenyewe

Tangu 1996, watu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakizitafuta tasa za Mersenne kwa pamoja, kila mmoja akitoa nguvu za tarakilishi yake kwa kazi hiyo. Mradi huo uliasisiwa na Mmarekani George Woltman. Mnamo Desemba 2018 ulipata mkufu wa shanga 82,589,933, wenye tarakimu 24,862,048. Ikapita karibu miaka sita bila kupatikana mwingine. Kisha, mnamo Oktoba 2024, Luke Durant wa San Jose, California, ambaye alikuwa amekodi tarakilishi katika nchi 17, aliupata mkufu wa shanga 136,279,841. Dalili ya kwanza ilitoka kwa mashine iliyokuwa Dublin, Ireland, tarehe 11 Oktoba. Siku iliyofuata, mashine nyingine iliyokuwa San Antonio, Texas, ilikamilisha jaribio la Lucas na Lehmer, ikapata 0. Hiyo ikawa tasa ya 52 ya Mersenne kujulikana.

Ukubwa wake unahitaji kipimo ambacho akili inaweza kukishika. Mtu akianza kuzisoma tarakimu zake kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, bila kula na bila kupumzika, atamaliza baada ya siku 474 na zaidi. Zikipigwa chapa, tarakimu 3,000 katika kila ukurasa, zitajaza kurasa zaidi ya 13,600.

Hata hivyo, nambari hii si giza tupu. Tunaweza kuijua tarakimu yake ya mwisho bila tarakilishi. Ukizidisha 2 kwa yenyewe, tarakimu za mwisho hufuatana kwa duru ya nne: 2, 4, 8, 6, kisha 2 tena. Nambari 136,279,841 ikigawanywa kwa 4, baki ni 1, kwa hiyo tuko mwanzoni mwa duru na tarakimu ya mwisho ni 2. Tukitoa 1, inabaki 1. Nambari yenye tarakimu milioni 41 imeufichua mwisho wake kwa hesabu ya mwanafunzi wa shule ya msingi.

Sifa yake nyingine inahusu ukamilifu. Wahenga wa hisabati waliiita nambari "kamilifu" iwapo vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuiliko vikijumlishwa huirudisha yenyewe. Nambari 6 ni kamilifu, kwa sababu 1 + 2 + 3 ni 6. Vivyo hivyo 28, ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba kila tasa ya Mersenne huleta nambari kamilifu: 3 huleta 6, 7 huleta 28, 31 huleta 496, na 127 huleta 8,128. Kwa hiyo tasa ya 2024 nayo ilileta kamilifu yake, yenye tarakimu zaidi ya milioni 82, na ambayo tarakimu yake ya mwisho ni 6. Kamilifu zote zinazojulikana ni shufwa. Iwapo kuna kamilifu iliyo witiri, hakuna aliyeipata, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Kufuli la siri

Yawezekana kuuliza faida. Nambari ya tarakimu milioni 41 haina matumizi ya sokoni. Hupatikana kwa ajili ya elimu, na pia kwa sababu kuitafuta huzipima mashine na mbinu za kukokotoa. Lakini nduguze walio wadogo, wenye tarakimu mia kadhaa, hufanya kazi kila siku katika rununu za watu.

Mtu akiambiwa azidishe 89 kwa 97, atapata 8,633 kwa muda mfupi. Lakini akipewa 8,633 na kuambiwa atafute ni tasa zipi mbili zilizoizalisha, atahangaika. Kuzidisha ni mteremko, kutafuta vigawo ni mlima. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliutumia mlima huo kutengeneza kufuli. Mwenye kufuli huchagua tasa mbili kubwa, akazizidisha, akalitangaza jibu hadharani. Yeyote anaweza kulitumia jibu hilo kufunga ujumbe, lakini anayeweza kuufungua ni yule azijuaye zile tasa mbili. Kufuli la namna hiyo huzilinda kurasa nyingi za intaneti. Mnamo Februari 2020 watafiti walifaulu kuvitafuta vigawo vya nambari moja ya majaribio yenye tarakimu 250, kwa kazi ambayo kichakato kimoja cha tarakilishi kingeifanya kwa maelfu ya miaka. Makufuli yanayotumika sana huwa na nambari za tarakimu 617.

Neno "tasa" mizanini

Tuligeukie sasa jina. Kiswahili kina jozi ya istilahi za nambari zilizotoka katika Kiarabu, shufwa na witiri. Ya kwanza ina asili ya maana ya kuunganishwa jozi, ya pili ina maana ya upekee, na Mwislamu anaijua hiyo ya pili kutokana na sala ya witri, ambayo rakaa zake si shufwa. Lakini kwa nambari tunazozizungumzia, Kiswahili hakikufuata Kiarabu. Waarabu huziita "za kwanza", na ndivyo walivyoziita Wayunani wa kale. Kiswahili kiliziita tasa, neno ambalo katika matumizi ya kawaida humhusu mwanamke au mnyama asiyezaa.

Je, jina ni la haki? Inategemea tunasimama upande gani. Tukisimama upande wa kugawanya, jina lina mantiki. Nambari 12 ikipasuliwa hutoa 2, 3, 4 na 6. Nambari 13 ikipasuliwa haitoi kitu. Mwenye kugawanya amekosa mazao, naye akaiita tasa. Lakini tukisimama upande wa kuzidisha, mambo hugeuka. Tunaposema "zao la 3 na 5 ni 15", lugha yetu wenyewe imekwisha kukiri kwamba 15 ndiyo iliyozaliwa, na 3 na 5 ndio wazazi. Kwa mtazamo huo nambari tasa haikukosa watoto, imekosa wazazi. Yenyewe haikuzaliwa na nambari nyingine yoyote, ila nambari zote zisizo tasa zimezaliwa nayo na wenzake. Wayunani na Waarabu waliitazama kutoka upande huu, wakaiita ya kwanza.

Ipo pia hoja ya kijamii. Neno "tasa" ni zito katika jamii zetu. Limetumiwa kuwaumiza wanawake, na mwalimu anayelitamka mbele ya darasa hana budi kujua uzito wake. Wapo watakaosema kwa sababu hiyo istilahi ibadilishwe. Rai ya makala haya ni tofauti. Istilahi iliyokwisha kuzoewa na vizazi vya wanafunzi haifai kung'olewa kwa sababu inaonyesha upande mmoja tu, kwani karibu kila istilahi huonyesha upande mmoja. Linalotakiwa ni kuufundisha upande wa pili pamoja nao. Mwanafunzi aambiwe kwamba nambari hii ni tasa ikigawanywa, na ni mzazi ikizidishwa, naye atakuwa ameipata kanuni ya msingi ya elimu ya nambari katika sentensi moja. Kwa hakika, mwanafunzi anayelisikia neno "tasa" na kulisaili atafika kwenye kanuni hiyo kwa haraka kuliko yule aliyekariri jina la kigeni ambalo halimwambii chochote.

Hitimisho

Makala haya yameeleza dhana ya nambari tasa, hoja ya kwamba hazina mwisho, njia ya kuzichekecha, jaribio la kuzithibitisha, na sifa za mojawapo iliyo kubwa mno. Maneno yaliyotumika ni ya kawaida: kugawanya, kuzidisha, baki, zao, kigawo, chekeche, shanga, magunia. Yale machache yaliyohitaji ufafanuzi yalifafanuliwa kwa maneno mengine ya Kiswahili. Hapakuwa na hatua ya hoja iliyokwama kwa kukosa neno.

Hii haina maana kwamba kazi imekwisha. Istilahi za hisabati zilizomo katika vitabu vya shule za Tanzania hazijulikani vya kutosha upande huu wa mpaka, na wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya Kenya ndio wanaofaa kuzikusanya, kuzilinganisha na kuzipima, kama tulivyojaribu kulipima neno moja hapa. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kuanza na aanze na istilahi moja tu, kwa mfano "kipeo" au "akisami", aulize ilitoka wapi, inaonyesha nini na inaficha nini, kisha alete matokeo yake katika kurasa hizi ili wasomaji wengine wayajadili.